Msimwambie Ajikaze

Wadogo zangu,

Chakula kimo sufuriani. Vyombo havijioshi, nyinyi mabwana wakubwa.

Nampeleka mdogo wenu hospitali. ~~Tutarudi mchana.~~ Sijui tutarudi lini.

Asubuhi nimemkuta bafuni, kakaa sakafuni na sare yake ya sekondari, maji yanammwagikia. Nikamwambia, "Inuka, mama. Si wewe ndiye jasiri wetu, hukulia hata kwenye msiba wa wazazi?"

Akanijibu polepole, "Dada, sikuwa jasiri. Hamkuniuliza tu."

Nikakaa naye pale chini, nikalowa.

Tukirudi, msimwambie ajikaze. Kujikaza ndiko kulikomfikisha hapa. Viatu nimemvisha mimi sasa hivi. Hata mguu ameshindwa kuuinua.

Dada yenu