Gari la Athman, Injini ya Mashua

Mokowe

Jumamosi, 20 Februari 1954

Nimeamua. Injini inatoka.

Barua ya Hadia imenimaliza. Binti yangu wa pekee, yuko Witu kwa mumewe Ridhwani, na sasa mimba yake imeingia mwezi wa saba. Kutoka huko mpaka hapa Mokowe ni karibu maili arobaini. Mwaka juzi nilikwenda kumchukua na gari hili hili, uchungu umeshamshika, mkunga wa Witu ameshindwa. Tukakwama katika mchanga mkubwa kabla ya Mkunumbi. Saa nne! Injini inalia, magurudumu yanachimba. Tulipofika hospitali ya Lamu mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni.

Hadia hakunilaumu hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma.

Safari hii daktari ataka aje mapema, akae na mama yake, kisha tumvushe Lamu. Dresa wa zahanati ya Witu amekataza asipande punda. Lori la huko limelala, halina mipira. Limebaki gari langu, na injini yake haiwezi mchanga. Mimi nimelijua hilo miaka mingi, nikajifanya silijui.

Jumatatu, 22 Februari

Nimevuka mpaka Ras Kitau kwa Bwana Gharib, fundi wa mashua. Anayo motaboti ya Mzungu mmoja aliyekwenda zake, imepandishwa pwani, mbao zimeoza. Ndani injini mbili pacha, kila moja mara mbili ya yangu kwa nguvu. Moja imeliwa na kutu. Ya pili nzima kabisa.

Pesa hataki. Ataka injini yangu kuukuu. Nikafurahi, nikadhani ataifungua vipuri. La! Ataka kuizamisha pale mbele ya Ras Kitau, afungie mashua zake. Chuma kizito, kasema, kikikaa chini hakiendi popote.

Nimemaliza kahawa yangu yote. Kisha nikakubali.

Ijumaa, 26 Februari

Baada ya sala nimefungua boneti. Nikatafuta spana, nikaipata, nikaiweka chini. Sikufungua hata nati moja.

Gari hili tulilinunua mimi na ndugu yangu Athman mwaka 1931, kwa mkulima wa Kizungu wa Witu. Athman ndiye aliyejifunza kwanza kuliendesha. Mimi nilikuwa utingo, nakaa juu ya mizigo nikila vumbi. Harusi ngapi tulibeba! Maarusi wa Witu, wa Mkunumbi, wamejifunika buibui, wakitapika kimya kimya njia nzima kwa aibu. Athman akiimba ili wasisikike. Sauti yake na ya injini zilikuwa zimezoeana — ikipanda naye hupanda. Tangu afe, mwaka wa sita huu, nikiwa peke yangu njiani bado huisikiliza injini, nikingoja mahali pake pa kuingia.

Na Ummu, mke wangu, hukijua kikohozi cha injini hii. Ikikohoa pale kwenye minazi ya kwanza, yeye huteka maji ya chai. Nikifika yamechemka.

Jumapili, 28 Februari

Imetoka. Wanaume sita, magogo mawili, kamba ya katani. Ummu hakutoka nje.

Jumatano, 10 Machi

Injini mpya imevushwa salama. Bwana Gharib amekuja nayo na sanduku lake la vyombo. Jinsi anavyofanya kazi! Vyuma vya kukalia injini havitoshi, basi amechonga mbao za mbambakofi, mbili nene, kama aungavyo mashua. Nikamwambia gari si chombo. Akaniambia kila kinachobeba watu ni chombo, nishike msumeno.

Kabla ya kuifunga tuliijaribu chini, juu ya mbao. Akaipiga hendeli kwa kuizungusha kushoto. Nikamtania, kumbe yeye mtu wa shoto! Akacheka tu. Ikawaka mara ya tatu. Ngurumo hata kuku wa jirani wakapanda ukutani.

Jumatano, 17 Machi

Imekaa. Klachi imekubali, giaboksi imekubali. Nimekata boneti upande mmoja, sura ya gari imeharibika. Mikono yangu yote malengelenge.

Barua nyingine ya Hadia. Anauliza kama ni kweli baba yake ametia injini ya motaboti, na je, aje amevaa nguo za kuogelea? Nimecheka peke yangu. Kadiri ya hesabu yao, siku zake ni baada ya tarehe 20 Aprili. Nitamfuata wiki ijayo, kabla ya mvua.

Jumamosi, 20 Machi

Siku ya aibu.

Bwana Gharib alikataa gari liwashwe bila Fatiha, kama chombo kinachoshushwa majini. Basi ikaletwa halwa na kahawa, jirani wakakusanyika, Ummu akakizungusha chetezo cha ubani kwenye magurudumu yote manne. Fatiha ikasomwa. Nikawasha. Sauti nzito, ya kifuani. Nzuri, siikatai. Lakini nilikuwa nimekaa mahali pa Athman na ile si sauti niliyoizoea. Macho yakanijaa maji, nikasingizia ubani.

Nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi — gari likarudi nyuma! Mpaka ndani ya jiko la Ummu. Makuti yote chini, chungu cha wali kimepasuka. Watu wakalala kwa kicheko. Nikatia ya pili: nyuma. Ya tatu: nyuma, kwa kasi. Nikatia rivasi. Likaenda mbele, taratibu kama bibi harusi.

Bwana Gharib hakucheka. Alisimama akishika ndevu.

"Motaboti ilikuwa na injini mbili," akasema. "Moya huzunguka kuume, moya kushoto. Zisipopingana chombo hakishiki ndia. Hii ni ya kushoto."

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Kwetu mtoto mdogo ajua. Nilidhani nawe wajua."

Wiki zote hizi! Na nilimwona kwa macho yangu akizungusha hendeli kushoto.

Jumapili, 21 Machi

Sikulala vizuri lakini dawa nimeipata. Gurudumu kubwa la meno ndani ya difu, kati ya ekseli ya nyuma, likihamishwa upande wa pili, matairi yatazunguka kinyume chake, na kila kitu kitakuwa sawa. Ila lazima kuteremsha ekseli nzima, na chuma cha kuvutia beringi sina. Bwana Gharib ataniazimia cha mtu wa Lamu. Kasema Alhamisi ya tarehe mosi. Tuna wakati.

Jumatano, 24 Machi

Leo watu wa Bwana Gharib wameichukua ile injini kuukuu. Niliipangusa mafuta kabla hawajaja, sijui kwa nini. Ummu akauliza, na samaki watakaa ndani? Nikamwambia watakaa.

Jumapili, 28 Machi. Saa saba mchana, karibu na Mkunumbi

Naandika nimekaa juu ya ngao ya gari, nangoja injini ipoe. Nisipoandika nitapiga kelele.

Saa mbili asubuhi alikuja mtu wa Ridhwani na baiskeli, ameendesha tangu usiku. Hadia ameshikwa uchungu tangu jana alasiri. Mapema! Mkunga asema mtoto amelala vibaya, kama yule wa kwanza.

Ekseli haijaguswa. Mbele nina gia moja tu, ya nguvu nyingi na mwendo wa kobe. Nyuma ninazo tatu. Nikamwambia Ummu apande. Akaniuliza tunakwendaje. Nikasema kinyumenyume.

Maili ishirini na tano, kinyumenyume! Ummu amepiga magoti kiti cha nyuma, uso nje, ananiita kuume, kushoto, shimo, ng'ombe. Shingo yangu imekufa. Nilipochoka kugeuka nilimwamini yeye, nikatazama mbele — yaani nilikotoka. Mvule tuliofungia kamba tulipokwama mara ya kwanza. Kisima ambapo Athman alimwaga maziwa ya watu. Mahali alipopanda Ummu mwenyewe, mwaka 1933, bibi harusi, akitapika. Vyote vilinijia usoni kisha vikaenda mbali, vikawa vidogo. Nilimpenda sana ndugu yangu. Sijawahi kuliandika hili.

Mkunumbi watu walitoka wakicheka. Walipouona uso wa Ummu, mmoja akaleta maji bila kuombwa.

Tumeupita mji, nikaligeuza gari ili niuingie mchanga mkubwa kwa ile gia ya mbele. Ndipo rejeta ikachemka. Kosa langu: njia yote ilikuwa haipati upepo, na feni nayo yazunguka kinyume. Nimetia maji madumu mawili. Bado yanatokota.

Nguvu inayo. Nimeijaribu hapa ukingoni, imeupanda mchanga bila kuchimba. Ingekuwapo mwaka juzi! Ningekuwa na moyo wa kuiondoa ile kuukuu mwaka juzi.

Ummu amepanda juu ya kilima cha mchanga kutazama.

Anashuka. Anasema, "Baba Hadia, kuna watu wanakuya. Wamebeba kitanda."

Nimepanda na mimi. Wanaume wanane, kitanda mabegani, mtu aliyelala amefunikwa shuka nyeupe. Ridhwani namjua kwa kofia, yuko mbele. Mbali mno, nyuso hazionekani. Ummu ameshika mkono wangu. Tumezika watu wengi, sote tunajua jinsi inavyokuwa. Jeneza hupelekwa mbio, wala halituliwi njiani.

Hawa wanakwenda polepole.

Wamekitua chini. Ridhwani ameinama, kama anayempa aliyelala maji.

Ummu anakimbia. Injini haijapoa. Nawasha hivyo hivyo.