Kiti Nilichokikataa Bila Kukijua

Dada Mshauri, shikamoo, na unisamehe kwa mwandiko huu wa simu, mwanangu ametoka sasa hivi kuvua kiatu chake kimoja, akakitumbukiza kwenye sufuria ya maji, akaifunika na kuniambia, "Mama, usifunue, hakijaiva," kwa hiyo naandika huku nacheka na machozi yananilengalenga, maana kuna jambo sina pa kulipeleka ila kwako.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, shule niliishia darasa la saba, lakini mume wangu amesoma mpaka basi, ni mtafiti wa maji yaliyo chini ya ardhi, anajua kwa nini kisima hiki kina maji matamu na cha jirani kina chumvi, na watu wa mataifa mengine wanasoma anayoyaandika, ila humu ndani yeye ni Baba Chiriku tu, huyo Chiriku ndiye mtoto wetu, tumemwita hivyo kwa kuwa hanyamazi, basi baba yake anaosha vyombo, anambeba mtoto, na tangu anioe hajanicheka hata mara moja kwa kuwa sikusoma.

Sasa kuna chuo kikuu cha nje kinakusanya watafiti waliobobea kutoka kila pembe ya dunia, kikamtafuta na yeye, ikawa nyumba nzima ni kiti, kiti, kiti, "Mama Chiriku, wale watu wanataka kunipa kiti," na mimi nikadhani ni zawadi, kama wengine wanavyopewa saa ya ukutani wakistaafu, nikasema moyoni, chuo kikubwa vile kinahangaika na kiti kimoja, lakini sikuuliza, nikaona nikiuliza nitaonekana mshamba, badala yake nikachukua kile kiti chake cha magurudumu anachofanyia kazi, sponji zilikuwa nje, nikakishona upya kwa kitambaa cha buluu, kikawa kama kimetoka dukani.

Siku ya kuongea nao kwa video akaniambia nikae pembeni yake, wanapenda kuiona na familia, nikavaa vizuri, Chiriku nikampakata, na upande wa pili alikuwapo mama mmoja wa hicho chuo ambaye kazi yake ni kuwatafuta hao watafiti na kuwabembeleza waje, na Kiswahili anakijua vizuri tu, wakaongea kwa lugha yao weee, halafu akanigeukia, "Na wewe mama, hiki kiti unakionaje? Utafurahi mume wako akikikalia?" Na mimi, Dada, huku nimeshika egemeo la kile kiti changu cha buluu, nikamjibu kwa furaha zote, "Asante mama, ila kiti anacho, nimemshonea mwenyewe hata mwezi haujaisha, hicho chenu mpeni mwingine mwenye shida."

Mume wangu akakohoa. Yule mama akasema polepole, "Nimekuelewa, mama. Asante kwa kusema wazi," na mimi nikatabasamu, nikajiona nimejibu kistaarabu kweli.

Juzi ndiyo akaja wifi yangu, dada yake mume wangu, hata kukaa hakukaa. "Wifi, una roho wewe! Mwenzio anaitwa kwenye kiti cha chuo kikuu, unakikataa kama unarudisha nyanya zilizooza?"

Nikamwambia, "Kwani hicho kiti kina nini cha ajabu?"

"Kina nini? Hicho ni cheo cha uprofesa, wifi! Maabara yake, wasaidizi wake, miaka saba achunguze maji anavyotaka, nyumba, shule ya mtoto, na wewe mwenyewe ungeingia darasani ukajifunza lugha yao. Kaka yangu ananiambia, mke wangu amekataa, na amekataa kwa maneno mazuri, siwezi kumburuta."

Dada, ndipo nikaelewa nilichokikataa. Nikajichekesha pale, nikasema nakwenda kuangalia pasi, nikaingia chumbani nikakaa sakafuni.

Kumbe tangu siku ile amenyamaza kwa ajili yangu, na hana hata kinyongo, jana usiku ameniambia Jumatatu atawapa jibu la hapana, na kwamba ananiheshimu kwa kuwa sikuogopa kusema ninachotaka, sasa nitamwambiaje kwamba nilikuwa naongelea sponji na kitambaa? Nikinyamaza anakosa kazi aliyoisotea ujana wake wote, nikisema, nahofia atanitazama aone nisivyojua kitu, aseme moyoni, huyu nitampeleka wapi mbele za watu, na Dada, mimi nataka kwenda, hilo la darasani wifi alivyolisema halijanitoka kichwani, naliwaza hata nikishona, na leo nimejiapiza akirudi tu nitamweleza, ndiyo huyo anaita mlangoni nikampokee mizigo, na mimi nikimtazama tu usoni

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako umeishia hapo, na nadhani hata mlangoni uliishia hapo hapo, ukapokea mizigo ukanyamaza. Nimekosea?

Kwanza pumua. Mimi ninayekushauri, nilipomaliza kukusoma nilimpigia simu mhadhiri mmoja anieleze hicho kiti ni kitu gani hasa, na alinieleza mara mbili. Ulisikia neno unalolijua tangu utotoni, ukalijibu kama linavyojulikana. Mume wako naye ana lake. Anawaeleza mabingwa maji yanavyopita kwenye miamba, ameshindwa nini kukueleza wewe neno moja mkiwa mnaosha vyombo?

Lakini nawe nitakugombeza kidogo. Unasema hajakucheka hata mara moja. Sasa hofu hiyo umeitoa wapi? Umemhukumu mtu kwa kosa ambalo hajalifanya, na hukumu yenyewe inamgharimu kazi ya maisha yake. Yeye anakuheshimu kwa jibu ambalo hukulitoa. Ukimwacha awaambie hapana, utaishi na heshima hiyo miaka yote ikikuchoma.

Kwa hiyo usingoje Jumatatu. Leo hii mpe wifi yako mtoto, na huyo wifi usimtume akusemee, kinywa unacho. Mweleze mumeo kisa chote, kitambaa cha buluu na yote. Akicheka, mwache acheke, na wewe cheka, kinachekesha. Kisha mpigieni yule mama mkiwa pamoja, na wewe ndiye uongee. Watu wa kazi yake wanajua kwamba mtaalamu hahami kama nyumba yake haijaridhika, ndiyo maana aliuliza kwako. Mwambie swali hukulielewa na sasa unataka kulisikia upya. Atafurahi kuliko unavyodhani.

Ila usirukie ndiyo kwa sababu tu unaona aibu ya ile hapana. Uliza. Kibali cha kuishi kitakuwa cha wote watatu? Utaruhusiwa kushona na kuuza? Hilo darasa la lugha lipo kweli, au ni maneno ya wifi? Mtoto atakaa na nani ukiwa darasani? Mkishindwa, mtarudi vipi? Ukishasikia yote ukaona hapana, basi hapana, na safari hii itakuwa yako kweli.

Na ukikaa naye, usianze na "nisamehe, mimi sikusoma." Ukianza hivyo mtalia wote wawili, atakubembeleza, na jambo lenyewe litabaki pale pale. Mshike mkono umwambie, "Baba Chiriku, nieleze."