Uliniacha Kwenye Mfuko wa Jitu

Baba Otilia,

Mwalimu wa kisomo anasema barua inaanza kwa kuuliza hali. Yako naijua. Nilikufukia mwenyewe, kwa jembe langu, maana la kaka yako mpini ulikuwa umelegea kama kawaida yake.

Ndiyo, naandika. Ulikufa unajua mkeo anatia dole gumba. Sasa watu wazima wote tunasomeshwa, kila tukitoka shamba, mikono ina udongo hivyo hivyo. Juzi mwalimu akasema kila mtu amwandikie mtu aliye mbali. Mama Benedikta kamwandikia mwanawe Songea. Otilia wetu yuko Chiwanda kwa mumewe, lakini Chiwanda unafika ukipata gari. Mtu wa mbali ninaye wewe tu.

Habari za huku. Tumehamishwa. Nyumba zimepangwa mstari, mlango wangu unatazama mlango wa Kaspari. Asubuhi nikifungua, kitu cha kwanza kukiona ni Kaspari anapiga mswaki na kutema. Majitu yote uliyotuletea kwenye mchezo wako, hakuna lililokuwa baya hivyo.

Tunalima shamba la kijiji, ule mteremko wa juu ya mto tuliolima na wewe. Kaja Bwana Shamba mpya, kijana, kwao tambarare. Alikuja na kamba, anataka matuta yanyooke. Tukamwambia mlima huu unataka ngoro. Akasema ngoro ni ya kizamani. Ikanyesha mvua moja. Matuta yakaenda mtoni, na mbegu, na kamba yake. Sasa tunachimba ngoro na yeye anasimama pale kama kazibuni yeye. Wanaume wanafyeka nyasi wanazilaza miraba miraba mlima mzima. Sisi wanawake tunachimba udongo wa katikati tunafukia nyasi, linabaki shimo la kushika maji. Kama babu zako walivyofanya.

Na penye miraba ya nyasi pana majitu. Ndiko ninakokwenda.

Mimi majitu yako sikuyapenda, ulijua. Watu wazima, wakati wa kupumzika, badala ya kunyoosha mgongo kila mmoja anasimama kwenye mraba wake anajifanya mtu mwingine. Kaspari, ana watoto saba na ugonjwa wa ngiri, eti mwindaji mwenye upinde wa shaba. Mama Benedikta mganga. Ukanigeukia, "Na wewe Mnyasa, mla dagaa usipa, wewe nani?" Nikasema mimi mke wako na nimechoka. "Basi wewe mwanamke wa ziwani mwenye wavu. Simama pale." Nikasimama. Mpaka leo sijui kwa nini nilisimama.

Wewe unakaa juu ya jiwe na punje zako tano za kahawa. Unatuambia tuko wapi na kinakuja nini. Sisi tunasema tunafanya nini. Kisha mtu anatupa punje. Zikilala tatu tumbo bapa juu, umefaulu. Migongo ikizidi, umeumia. Basi, mchezo wenyewe ndio huo, na watu walikuwa wanasahau kula viazi vyao.

Majitu gani sasa? Jitu la mlimani: nguvu za ng'ombe kumi, akili ya mtungi. Linatupa jiwe, linakosa, linalifuata jiwe lake bondeni. Jitu la baridi, likipumua maharage yanaungua shamba zima, halafu lenyewe linaketi kulia njaa. Jitu la vichwa viwili, kimoja kinataka kushoto, kingine kulia, halifiki. Siku hizi likitajwa watu wanaitazama kamati ya kijiji wanacheka.

Na jitu la ziwa. Hilo ulilitoa kwa ajili yangu, ili niogope. Jeusi, refu, la moshi, linapanda toka majini mpaka mawinguni. Nikakuuliza, huo moshi una mabawa? Baba Otilia, kwetu Liuli wale ni wadudu. Wakipanda hivyo tunawakamata kwa vikapu, tunawafinyanga mkate tunakula. Nikalitupia wavu jitu lako nikalikaanga. Mama Benedikta alicheka mpaka akakaa chini. Wewe ulinuna siku mbili.

Ndiyo maana nayadharau. Kitu kikubwa vile kinashindwa na mwanamke mwenye njaa. Ukubwa wa nini?

Ila kuna jambo niliona na sikukwambia. Majitu yako yote yalikuwa wewe. La mlimani lilikohoa kikohozi chako. La baridi liliburuta mguu wa kushoto, mguu wako ulioangukiwa na gogo. La vichwa viwili, vichwa vyote viwili vilisahau koti. Wewe na koti! Lile la kijivu la marehemu baba yako. Unalivua ukianza kulima, unalitundika kwenye mti wowote, jioni unanijia. "Mama Otilia, koti langu liko wapi?" Kila siku ya Mungu. Kama mimi nimezaliwa Liuli nikapanda mlima wote huu kuja kulinda koti.

Sasa sikiliza.

Siku ya mwisho uliyocheza, jitu la mlimani lilinikamata. Nilitupa, zikaanguka migongo mitano. Ukacheka. Ukasema, "Limemtia Mnyasa mfukoni, linapanda naye kileleni. Kesho tutajua." Kesho yake uliamka na homa. Keshokutwa yake tulikubeba kwa machela. Hukurudi kwa miguu.

Uliniacha kwenye mfuko wa jitu. Mume gani anafanya hivyo?

Nilidhani mchezo utakufa na wewe. Nikasema afadhali. Lakini nyasi zilipolazwa tu, watu wakaenda kila mmoja mrabani kwake, na Kaspari akakalia jiwe lako. Punje zako ninazo mimi, nimezifunga kwenye ncha ya kanga. Akatafuta zake. Nilipotaka kusimama kwangu akaniambia, "Shemeji, wewe kaa pembeni. Wewe umeshaliwa."

"Nani kasema?"

"Muda wote huo mfukoni, jitu linangoja nini? Limekula."

Watu wakanipa pole. Pole ya kuliwa!

Nilikaa pembeni siku tatu nikitafuna muwa. Nakwambia kweli, maana hapa hakuna wa kunicheka. Siku zile tatu ziliniuma kuliko matanga. Kwenye matanga nilikuwa na kazi, nilipika. Pale pembeni sikuwa na kazi. Ulisema kesho tutajua. Hilo ndilo neno lako la mwisho kwangu lenye akili, mengine yote yalikuwa ya homa. Kaspari akinila, basi neno lako limekwisha hivyo, mdomoni mwa Kaspari, mwenye dawa ya meno kwenye kidevu.

Siku ya nne niliingia kwenye mraba wangu. Bwana Shamba alikuwepo, naye kapata mraba. Alianza kwa kutuuliza kama hatuoni aibu, siku ya pili akauliza yeye awe nani. Wakamfanya mbeba mizigo.

Kaspari akasema, "Shemeji, aliyeliwa hasimami."

Nikamwambia, "Nimetupa punje ya kuliwa, mimi? Nilitupa ya kukamatwa. Damasi wangu hakumla mtu bila punje. Hata wewe na ujinga wako hakukula."

"Kweli," akasema Mama Benedikta. "Hajatupa."

"Hajatupa!" wakasema na wengine.

Kaspari akavuta pumzi kama jitu lenyewe. "Haya. Uko mfukoni. Kweusi, kunanuka. Wavu umekatika, kisu huna. Jitu linakaribia kileleni, maji yake yanachemka. Unafanya nini?"

Walingoja nikate mfuko kwa meno. Bwana Shamba alishaanza kuninong'oneza, "Mama, piga kelele, piga kelele."

Nikasema, "Naliuliza kitu. Naliuliza, Baba Otilia, koti lako umeliacha wapi?"

Hakuna aliyecheka. Mama Benedikta aliziba mdomo kwa kanga. Bwana Shamba alitutazama mmoja mmoja, yeye hakukujua. Kaspari amelima na wewe tangu ujana, amekuona ukizunguka miti ya watu kila jioni. Nilidhani atakataa.

Akasema polepole, "Limesimama."

Halafu akasema, "Linapapasa mabega."

Halafu, "Linaweka mfuko chini. Linatazama kwenye miti."

Nikafungua kanga, nikatoa punje zako, nikatupa. Bapa nne. Nikatoka.

Hapo wakaanza. "Linakupa mgongo! Limalize! Jiwe hilo hapo!" Kumbuka, hilo jitu lilishamvunja Kaspari upinde na kumla mbuzi wa Mama Benedikta. Walikuwa na hasira nalo tangu wewe uko hai. Bwana Shamba akapanda juu ya nyasi zetu na viatu vyake. "Mama, hilo ni bepari! Linakula bila kufanya kazi! Liuawe!" Kwenye mkutano wa kijiji ndiyo habari aliyotuhubiria, akaona amepata pa kuitumia.

Nikamwambia, "Bwana Shamba, shikamoo yako nimeipokea asubuhi, wewe ni mwanangu, shuka kwenye nyasi. Huyu amelima mashamba ya watu tangu hajaota ndevu. Kibarua mashamba ya Mpepai, kibarua huku. Amekufa hana mche wa kahawa wa kwake. Kama alikula bila kufanya kazi nionyeshe alichokula."

Akashuka. Akasema, "Samahani, mama." Mara ya kwanza namsikia anasema neno fupi.

"Tupa, shemeji," Kaspari akaniambia, lakini kwa sauti ndogo.

Sikutupa. Nilifunga punje kwenye kanga nikakaza fundo. Jitu likapanda zake, mguu wa kushoto nyuma, linakohoa, linachungulia kila mti. Kaspari ndiye aliyesema hivyo, mimi sikumwomba. Alilipeleka mpaka kileleni likapotea. Kisha sote tukarudi kuchimba, na jioni ile hakuna aliyetaniana na mtu.

Kesho yake jiwe lilikuwa tupu. Kaspari alikuwa mrabani kwake na upinde wake mpya. "Kalia wewe," akasema. "Mimi majitu yangu yananuka tu, hayana kingine."

Basi ndiyo hivyo, nayatoa mimi. Usijivune. Yangu hayadumu. Juzi nimetoa moja limekaa mezani, tumbo kama pipa, kila anayepita linamwambia njoo kesho. Wamelimaliza kabla viazi havijapoa. Jingine refu kama mlingoti, linapima mlima kwa kamba. Bwana Shamba mwenyewe ndiye aliyeliangusha, na alicheka. Sina huruma nayo. Makubwa mapumbavu, yanaziba jua tu. Nayatoa ili tuyaangushe.

Ila nakuahidi moja, na ahadi hii nimeiandika kwa mkono wangu, sikutia dole. Lile lenye kikohozi na mguu wa kushoto halitaguswa. Nikiwa juu ya jiwe hilo, mtu akilitafuta kileleni hatapewa punje. Hata awe Kaspari, hata aje nani na gari. Na kabla sijafa mimi, Otilia nitamwambia.

Karatasi inakwisha, na mwalimu ananitazama anadhani nalia. Ni moshi wa taa yake.

Kwaheri, Damasi. Lala. Usirudi kututafuta, tumehama, utaenda kugonga kwa Kaspari. Na acha kuzunguka kwenye miti huko uliko, unachekesha watu. Koti ninalo mimi. Nalivaa asubuhi nikienda kuchimba, nimelishona kiwiko.

Mnyasa wako,
Mama Otilia