Mjusi wa Ifrah na Mchanga wa Balambala

Garissa,
Jumamosi

Mama yangu,

Shikamoo. Naanza kwa kukuomba radhi, kisha nakuulizia goti. Ile dawa ya kuchua imekufaa, au bado unainuka kwa kushika ukuta? Na Baba je, bado anabishana na redio? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila jua la huku limenifanya mweusi tititi, utakaponiona utauliza huyu ni nani.

Sasa nije kwenye lile lililokufanya unikatie simu. Ni kweli, Mama. Wifi hakukudanganya. Kwa miezi miwili nimekuwa nikiuguza mjusi. Naandika kwa sababu kwenye simu hukunipa nafasi, na najua Baba atakusomea barua hii mpaka mwisho hata ukiziba masikio.

Kwanza kabisa, si mjusi kafiri. Sijasahau ulivyotulea: akionekana ukutani, kandambili mkononi, bismillahi, na thawabu juu. Huyu asili yake ni majangwa ya Australia, na watu wa Ulaya humfuga nyumbani ndani ya sanduku la kioo. Urefu wake ni kama mkono wangu tangu kiwiko hadi vidoleni. Chini ya kidevu ana ngozi ya miibamiiba inayovimba ikawa ndevu, na ndevu zenyewe hugeuka nyeusi akiudhika au akiumwa. Jina lake Biskuti. Usicheke.

Mwenyewe ni Ifrah, mjukuu wa mwenye nyumba wangu, Mzee Dubow. Mzee huyu alichunga ngamia Balambala tangu utotoni, na alipochoka akajenga vyumba vya kupangisha hapa mjini. Binti yake wa pekee alifia Ulaya. Ifrah, msichana wa miaka kumi na saba, akaletwa kwa babu na masanduku mawili: moja la nguo, moja la mjusi na karatasi zake zilizopigwa mihuri. Baba yake alisema akae mwaka mmoja, na asipozoea atamtumia tikiti arudi. Mzee alikuwa akiishi roho mkononi. Kisomali cha Ifrah kilikuwa cha kuokoteza, Kiswahili ndio usiseme, na siku nzima hakuzungumza na mtu ila Biskuti.

Mzee akataka kumfurahisha. Aliona mnyama wa jangwa amefika kwenye nchi kavu kama kwao, halafu amelazwa juu ya zulia la plastiki, akaona ni aibu. Akaenda Balambala kwa gari la mizigo, akarudi na gunia la mchanga mwekundu, akauchekecha mwenyewe kwa chekeche la unga na kuumwaga sandukuni. Siku hiyo nilimsikia Ifrah akicheka, kwa mara ya kwanza.

Baada ya wiki kadhaa mjusi akaanza kukonda. Mkia ulinywea ukawa kamba, macho yakaingia ndani, ndevu zikawa nyeusi mchana kutwa, na kichwa kikawa kinatetemeka na kuangalia darini. Wa kwanza kujua ugonjwa uko wapi hakuwa mimi niliyesomea maabara ya mifugo. Alikuwa Mzee. Alikivunja kinyesi cha Biskuti kwa kijiti, akakinusa kama alivyozoea kufanya kwa ngamia, kisha akanigongea mlango.

"Binti," akaniambia, "hii tumbo iko na wageni ndani."

Nikakipeleka kazini, nikakitazama kwa hadubini saa ya chakula. Kweli, mayai ya minyoo yalikuwa tele, na vile vijidudu vya kuharisha tunavyoviona kwa mbuzi wachanga. Hapo ndipo nilipoharibu, Mama. Nilirudi nyumbani nimejaa ujuzi wangu, nikasema mbele ya Ifrah, kwa Kiswahili na tena kwa Kiingereza, kwamba wadudu wametoka kwenye mchanga wa Balambala, kwenye mavi ya mbuzi. Ifrah alimtazama babu yake, akaingia chumbani, akafunga mlango. Tukamsikia akimpigia baba yake simu na kutaja tikiti. Mzee alibaki kibarazani na kijiti chake mkononi.

Nilimtafuta daktari wa Nairobi anayetibu wanyama wa aina hii, nikamtumia picha. Akaniambia kwa upole kwamba nimemsingizia mtu. Wadudu wa mbuzi ni wa mbuzi. Hawa ni wa mijusi wa namna hiyo, na Biskuti alikuja nao tumboni kutoka Ulaya. Kosa la mchanga ni kwamba uliyahifadhi mayai yao, naye akawa anayameza upya kila anapokula. Tena akasema kile kichwa kinachotetemeka kinamtia shaka ya virusi, nimpelekee sampuli. Siku hiyohiyo nilimwomba Mzee msamaha mbele ya Ifrah, kwa sababu mbele ya Ifrah ndiko nilikomkosea. Aibu niliyoona bado ninayo.

Maagizo ya daktari yalikuwa hivi: dawa apewe, mchanga utolewe wote, yatandikwe magazeti, na kila siku yabadilishwe na sanduku lioshwe kwa maji ya moto. Ifrah akauliza kazi hiyo ni ya mpaka lini. Mzee akamjibu kwa Kiswahili ili nami nisikie, kile Kiswahili chake ambacho kila "p" ni "b".

"Sisi watu ya ngamia. Boma ikichafuka, hatubigi dawa bekee. Tunahama. Hata huyu tutamhamisha kila siku mbaka abone."

Basi kila asubuhi kabla sijaenda kazini, Biskuti akawa anahama. Ifrah humshika, Mzee hukunja gazeti la jana, mimi humwaga maji yanayochemka kwenye sanduku na kulianika juani. Tulimtia dawa mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na ncha, tukamkalisha kwenye beseni la maji vuguvugu, tukamlisha boga lililopondwa na majani ya mlonge. Mzee alimsemesha yale maneno ya kubembelezea ngamia mgonjwa, na Ifrah akawa anayarudia bila kujua maana, kisha anauliza maana, kisha wanakaa hapo saa nzima.

Kumpima uzito ndiko kulikonichekesha. Mkubwa wangu alinikubalia hadubini, mizani akakataa. Tukaenda sokoni kwa Mama Sahara, muuza dhahabu, ambaye mizani yake haikosei. Alipomwona alirudi nyuma hatua mbili. "Sasa kafiri anafuga ndefu ya nini?" akauliza, na ndefu zake ni ndevu. Mwishowe alitandika leso juu ya mizani akampima huku ameangalia pembeni. Alikuwa mwepesi mno, Mama, hata Mama Sahara akageuka kumtazama. Siku hizi tukichelewa kumpeleka, ni yeye anayetuma mtu kuuliza Biskuti ameongeza gramu ngapi.

Juzi daktari alipiga simu na majibu. Minyoo imekwisha, na vile vijidudu navyo, kinyesi kimekuwa safi mara mbili mfululizo. Lakini virusi vipo kweli, na havina dawa. Atakaa navyo umri wake wote. Asiwekwe na mjusi mwingine, apate joto, ale vizuri. Mijusi wengine hufa navyo, wengine huishi navyo miaka. Ifrah alisikiliza akijiuma mdomo. Mzee akauliza kama mnyama mwenye maradhi hayo anaweza kupanda ndege. Daktari akasema safari ingemdhoofisha, yeye asingeshauri. Mzee akaanza kujikuna ndevu, na Ifrah akamtazama kwa muda mrefu. Nikajua ameelewa kwa nini babu aliuliza habari ya ndege.

Mama, niombee dua, nawe ukiweza umtie huyu mnyama humo ndani, hata kwa kunong'ona. Msalimie Baba kwa kazi ya kusoma. Msalimie wifi, mwambie sina kinyongo, ila habari nyingine aniachie nizilete mwenyewe. Msalimie shangazi wa chuoni na wanafunzi wake, na fundi cherehani wa jirani, buibui lake linanitunzia heshima huku. Barua hii anakuja nayo dereva wa basi pamoja na kopo la nyirinyiri, ni nyama ya ngamia iliyokaangwa ikawekwa kwenye samli. Onja kwanza kabla ya kukunja uso.

Nilikuwa nimeshaikunja karatasi, Mama, nimeikunjua tena. Tangu augue, Biskuti hajala ila kwa kulishwa. Sasa hivi ameinuka mwenyewe, akaendea kipande cha boga, akakitafuna. Ifrah alikuwa peke yake karibu na sanduku, Mzee yuko uani anatawadha kwa ajili ya adhuhuri. Tangu msichana huyu afike hajapata kumwita babu yake kwa jina lolote. Humwambia "samahani", kama anayeuliza njia kwa mtu asiyemjua. Leo ameita kwa sauti iliyofika hadi chumbani kwangu: "Awoowe, kaalay." Yaani, babu, njoo. Mzee ameliacha birika linamwagika, amekuja mbio mguu mmoja umelowa na mwingine mkavu, amesimama mlangoni anamwangalia mjukuu wake. Mjusi hata hajamtazama.

Nakubusu mikono,
mwanao Rukia