Kidude cha Mtaro

Umoja, Nairobi
9 Agosti 2025

Mpendwa mpwa wangu Lorraine,

Pokea salamu za mjomba wako. U mzima huko Ujerumani, au baridi imeshakula masikio? Mimi nipo. Goti la kushoto limegoma, la kulia bado linafikiria.

Mama yako ndiye kaniagiza nikuandikie. Anasema usihangaike kumtumia fimbo nyingine, hazifai. Yuko chumba cha pili, anadhani hayo ndiyo naandika.

Unakumbuka Krismasi ulivyonionyesha kubandika vile vidude visivyo na waya, vidogo kama vifungo vya koti: mlangoni, kwenye ngazi, kando ya mtaro. Mama yako haoni, lakini akikaribia kidude, ile fimbo uliyomletea inatetemeka na kusema. Basi mama yako akawa msichana! Dukani kwa Jacklyne anaenda peke yake, hata chini hagongigongi tena, na akirudi ananicheka mimi mwenye macho nisiyetoka kitini.

Sasa usinitukane kabla hujamaliza. Jumamosi iliyopita, akiwa amejilaza, nilibandua kidude cha mtaro nikakibandika chini ya kiti cha Caleb, tunayecheza naye drafti. Nikaazima fimbo, nikapita mbele yake. Fimbo ikapaza sauti, "Mtaro mbele!" Wazee tulicheka hadi vizibo vya soda vikamwagika ubaoni.

Fimbo niliirudisha. Kidude nikakisahau chini ya makalio ya Caleb.

Jioni mama yako akatoka kununua maziwa. Fimbo ikanyamaza. Akatumbukia mtaroni, mkono ukavunjika.

Mkono umefungwa plasta, utapona. Kinachonila ni kwamba fimbo ameisimamisha nyuma ya mlango pamoja na mafagio. Anasema imemdanganya. Wiki nzima hajatoka, hata kanisani. Na mimi nilikaa kando ya kitanda chake nikamwambia, "Vitu vya plastiki, Rispa, utaviamini vipi?" Kidude nilikuwa nimeshakitoa kwa Caleb, nacho mfukoni.

Fimbo haina kosa, Lorraine. Mwongo ni mimi.

Ananiita sasa nimsomee nilichoandika. Nitasoma yote, hata hilo la makalio.

Caleb na Jacklyne wanakusalimu. Mungu akuepushe na wajomba wa aina yangu.

Ni mimi nikupendaye, na aibu zangu,
Mjomba Sylvance

Nimemsomea. Kisha akaomba fimbo yake, akaniamuru nikabandike kidude mahali pake, halafu niingie mtaroni nisimame humo humo nimngoje: fimbo ikinyamaza tena, ataniangukia mimi. Goti lipende lisipende, naenda.