Istanbul Bila Mzigo

Jumanne, 2 Septemba 2025

Istanbul, siku ya pili. Nimelala mpaka saa tatu asubuhi na hakuna aliyenigongea mlango! Miaka kumi na tisa ya duka la mashuka na mapazia, Kariakoo, mtaa wa Narung'ombe — saa moja na nusu nimeshafungua. Leo hapana.

Kifungua kinywa nimelipa kwa kadi ya mkopo, ile waliyonipa benki mwaka jana nikaitupa kwenye droo. Mashine ikaniuliza: lira au shilingi? Shilingi yetu, huku! Nikajisikia fahari, nikabonyeza shilingi. Hoteli jana nililipa hivyohivyo. Angalau naona kinachotoka. Mimi mfanyabiashara, silipi kwa pesa nisiyoijua vizuri.

Alhamisi, 4 Septemba

Husna wa duka la jirani ametuma voisi tatu. Nimtafutie magauni ya sherehe, bei ya jumla, dazeni mbili. Kaka yangu Ubeid, mwenzangu wa dukani, naye anataka picha za mapazia ya kisasa. Nimewajibu wote wawili: sikuja kuchukua mzigo, nimekuja kupumzika. Husna amecheka. Anadhani natania.

Simlaumu. Kwetu Kariakoo mtu anapanda ndege kufuata mzigo, au Hija, au matibabu. Simjui hata mmoja aliyeenda tu.

Nimeenda hamamu, nyumba yao ya kuogea. Marumaru tupu, mvuke, na mama mmoja mnene anayekusugua kama sufuria iliyoungua. Nikalia! Mgongo wangu haujaguswa na mtu tangu mume wangu afariki, miaka sita sasa. Yule mama hakuuliza kitu. Alinimwagia maji akaendelea na kazi yake.

Jioni nimetoa lira kwenye ATM kwa kadi hiyohiyo. Mara ya nne sasa. Rahisi ajabu.

Jumamosi, 6 Septemba

Bongo. Afande wa forodha ameangalia begi langu moja dogo. Mama, mzigo mwingine uko wapi? Hakuna. Unakuja kwa meli? Hakuna! Akafungua: nguo zangu, viatu, boksi la peremende za Kituruki za mama. Akanitazama kwa huruma, kama nimeibiwa.

Jumatatu, 8 Septemba

Anayeniuliza leo ni wa ishirini na ngapi sijui. "Dada Zeina, mzigo unaingia lini?" Beno, anayetubebea maboksi, ameshasafisha stoo! Husna anaamini nimepata kiwanda cha bei poa na ninamficha. Nusu ya mtaa inasubiri kontena ambalo halipo. Wasubiri tu.

Ijumaa, 19 Septemba

Taarifa ya kadi imeingia kwenye simu. Nimeisoma mara tatu. Jumatatu naenda benki.

Jumatatu, 22 Septemba

Benki. Dada aliyenihudumia anaitwa Anaeli, mpole, hana haraka. Anasema kosa langu la kwanza ni ile shilingi. Mashine ya kule ikikupa shilingi inakubadilishia kwa bei yake yenyewe, na bei yake ni ya kukuumiza. Ningebonyeza lira, benki ingebadilisha kwa bei nafuu zaidi. Juu ya hapo benki imekata asilimia tatu kwa kila malipo ya nje — hata hayo ya shilingi, kwa sababu duka liko nje. Na ATM? Hapo Anaeli akavuta pumzi kwanza. Kutoa taslimu kwa kadi ya mkopo ni kukopa, riba inaanza siku ileile, na kila ukitoa kuna ada yake.

Jumla ya makato yote hayo: laki tatu na arobaini elfu. Sikuila, sikuivaa, sikuilalia!

Nikamuuliza mbona hamkunitahadharisha. Akanionyesha ukurasa wa kumi na moja wa mkataba, maandishi madogo kama sisimizi. Nimewakasirikia wao, lakini nimejikasirikia mimi zaidi. Nikienda kununua dola mjini nauliza maduka matatu kabla sijatoa noti. Na huko nimebadilishiwa pesa wiki nzima bila kuuliza bei hata siku moja, eti kwa sababu mashine imetaja shilingi!

Nimelia kidogo kwenye choo cha benki. Nikanawa uso. Kwa laki tatu na arobaini hayo yanatosha.

Jumatano, 24 Septemba

Ubeid ameiona taarifa ya kadi. Niliacha simu kaunta, akafungua, akasoma yote, akajitumia. Hakusema na mimi kwanza — amempigia ami Ammar, mdogo wake marehemu baba. Ndipo akanijia. Anasema pesa ya duka nimeiogea. Nikamwambia ni mgao wangu, na deni nalipa mwenyewe. Anasema mwanamke aliyeshindwa na kadi atashindwa na duka. Jumapili kikao, nyumbani kwa mama, Ilala. Niende na kadi na funguo zangu za duka, vishikwe na mtu mwenye akili. Yaani yeye!

Huyu Ubeid mwaka juzi alileta mikoba kutoka China, nusu kontena, ikafika imeota ukungu. Milioni kumi na mbili. Nani aliitisha kikao? Tulimpa pole. Mama alimpikia biriani. Mimi laki tatu na arobaini naitiwa wazee, kwa sababu nilienda kustarehe.

Bila funguo zile mimi nani pale mtaani? Dada yake Ubeid, anayekaa nyumbani. Sizitoi.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimelipa nusu ya deni lote asubuhi. Iliyobaki Oktoba.

Mchana Husna kaja, kaketi juu ya robota la mashuka. Ameshasikia, mtaa mzima umesikia. Kwa hiyo kweli hakuna mzigo? Kweli. Ulienda kukaa tu? Kukaa tu. Akauliza nauli ni shilingi ngapi. Nimemwambia. Na nimemwambia, ukifika huko, bonyeza lira.

Jumapili, 28 Septemba

Kwa mama. Naandika sebuleni, wenzangu wanaswali magharibi. Mimi niko kwenye siku zangu.

Tulianza baada ya alasiri. Shikamoo ami. Marahaba, mwanangu, weka vitu mezani. Nikaviweka, kwa heshima yake tu. Kadi, funguo. Ubeid kasimama na taarifa ya kadi yangu — ameichapisha kwenye karatasi! Akasoma mstari kwa mstari. Hoteli. Chai na keki. Boti. Hamamu, laki moja na sitini na nne elfu. Hiyo aliisoma mara mbili.

Nikasema ndiyo, na ilikuwa nzuri. Ami akaguna. Nikasema ami, kilichoniuma ni ada, na ada nimejifunza. Safari sijutii. Mwakani naenda tena. Ubeid akaruka: umemsikia, ami? Umemsikia?

Mama akasogea mbele kitini. Akauliza, "Hiyo hamamu, wanakusugua na nini?"

Kitambaa kigumu, mama.

"Na mgongo?"

Na mgongo. Na maji ya moto, unamwagiwa kwa bakuli, wewe umelala tu.

"Umelala tu," akasema. Amezaa saba. Nje ya nchi hii ametoka mara moja, Hija. Ubeid akarudi kwenye karatasi yake, akitafuta mstari mwingine. Ami akakohoa, akasema magharibi imeingia, wakirudi msikitini atatoa uamuzi.

Uamuzi ninaujua. Ami tangu nizaliwe hajawahi kusema Ubeid kakosea.

Kadi wakae nayo, ina jina langu, haitawasaidia kitu. Funguo nimezichukua. Ziko kwenye sidiria, waje wazitoe.

Mama ameingia kutoka chumbani, bado na kanga yake ya kuswalia. Ameangalia meza. Ameniangalia mimi. Amesogeza sahani ya kashata mpaka pale zilipokuwa funguo, ameketi karibu yangu, ananiuliza kama hoteli ile ina vyumba vya watu wawili.

Wanaume wanavua viatu barazani.