Mazoezi ya Kwenda Kwenye Arobaini Yako

Tausi, Mnyamwezi wangu,

Sina pa kuituma barua hii, na hata ulipokuwa hai hukupenda kusoma mwandiko wangu. Ulisema herufi zangu zimelala chali kama wagonjwa wangu. Leo utavumilia tu. Nina habari ambayo nikikaa nayo kifuani nitapasuka, na hapa Handeni sijaona mtu anayestahili kuisikia kabla yako.

Kwanza ya nyumbani. Mumeo mzima, anakula. Watoto wamerudi shule, na yule mdogo ameanza tena kuwa mtundu, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa afya. Mama anayetuuzia chai pale getini kazini bado anamimina vikombe viwili akiniona, halafu anakumbuka, anaguna, kimoja anakunywa yeye. Mimi nakunywa changu haraka. Nikisema neno nitalia, na wagonjwa wananingoja.

Habari yenyewe ni ya Bibi Mwantumu wa Mazingara. Yule aliyeteleza uani kwake akavunjika nyonga, wakampasua, wakamwekea chuma, wakamrudisha nyumbani na maelekezo kwamba atembee. Tulipofika mimi nawe mara ya kwanza mfupa ulikuwa umeunga vizuri kabisa, lakini miguu imekwisha, misuli imenywea, na ngozi ya mgongoni imeanza kuwa nyekundu kwa kulalia upande mmoja. Nilimfundisha mazoezi ya mguu, nikamfundisha kukaa ukingoni mwa kitanda na kusimama, nikamwonyesha na Zaina, mke wa mwanawe mdogo, namna ya kumshika. Nikaacha fremu ya kutembelea. Tuliporudi, fremu imeanikiwa kanga!

Nilichemka, si unanijua. Njiani nikakwambia wale watu ni wavivu, hawana huruma na mzazi wao. Ukanijibu huku unafunga kofia ya pikipiki: "Mama Mazoezi, umewahi kuona wapi mvivu anayemwogesha mkwewe asubuhi na jioni?"

Safari iliyofuata ulinikataza hata kufungua mkoba wangu. Uliingia jikoni kwa Zaina mkachambua mchicha pamoja, mimi niko nje nawatazama kuku mpaka nikachoka. Ulipotoka ulikuwa na jibu zima. Zaina alikuwa anaogopa majirani. Bibi akionekana anajikokota kwenda chooni, au ameshika ufagio, na mke wa mtoto yupo pale pale, watu watasema nini? Watasema anamtesa mama mkwe. Na kaka mkubwa wa nyumba ile, Athumani, anayeishi Hale, alikuwa anapiga simu kila jioni kuagiza kwamba mama ameshika jembe la mkono maisha yake yote, sasa apumzike, asinyanyue hata kikombe. Kumbe bwana! Nyumba ile haikupungukiwa mapenzi wala heshima. Heshima ilizidi, ndiyo iliyokuwa inammaliza bibi wa watu kitandani.

Hayo mimi nisingeyaona hata ningekaa pale mwaka mzima. Mimi naliona goti. Nakwambia goti hili litakunjika mpaka wapi na kwa muda gani, na sikosei, jivuno hilo niachie. Lakini goti lina mwenyewe, na mwenyewe ana watoto, wakwe na majirani, na huko ndiko ulikokuwa unafanyia kazi wewe. Watu wakituuliza kwa nini ustawi wa jamii na mazoezi ya viungo wapande pikipiki moja kwenda kwa bibi mmoja, mimi nilikuwa nabisha, wewe unacheka. Siku hizi nikiulizwa nawasimulia ya Bibi Mwantumu.

Halafu ulikuwa na utani. Wewe Mnyamwezi wa Tabora, yeye Mzigua, basi ikawa sherehe. Mimi Mzigua mwenzake, binti wa Mnyuzi, kwa bibi yule nilikuwa na shikamoo na macho chini. Wewe uliingia ukamwambia kitanda hicho ni cha kaburi la babu yako, amekiiba, akirudishe. Naye akakujibu kwamba ninyi mmezaliwa kubeba mizigo ya watu, basi njoo umbebe. Bibi akacheka mpaka meno yake yote mawili yakaonekana. Siku hiyo alikaa ukingoni mwa kitanda kwa mara ya kwanza bila kushikwa, ili apate nguvu ya kukutukana vizuri.

Tukapanga kikao cha familia. Ulisema utamwita Athumani mwenyewe aje kutoka Hale, mambo ya simu hapana.

Ukapata ile homa. Ukaenda hospitali ya Korogwe kwa miguu yako, ukaniambia nisiguse karanga zako kwenye droo, Jumatatu utakuwa kazini. Tausi, nilikuamini. Nilikuwa nakuamini kwa kila kitu, na hilo nalo nikaliamini.

Baada ya mazishi nikaenda Mazingara peke yangu. Zaina akanipokea mlangoni akaninong'oneza kwamba bibi hajaambiwa, Athumani amekataza, presha itapanda. Nikaingia. Bibi akaangalia mlangoni nyuma yangu, akauliza: "Mtani wangu mmemwacha wapi? Amechoka kutukanwa?"

Zaina akanikonyeza. Nikajaribu kukunja goti la bibi nikijifanya sijasikia. Akakishika kidole gumba changu. Unazijua nguvu za mikono ya bibi aliyelima mahindi maisha yake yote. Nikamwambia. Nilimwambia waziwazi, kwa sababu nilikuwa nimechoka kusikia wazee wakifichwa mambo kama watoto wachanga.

Alijifunika uso kwa kanga. Zaina akalia, mimi nikalia. Kisha sauti ikatoka ndani ya kanga: "Mmemzika bila mimi?" Akafoka kwa Kizigua, maneno mengine siwezi kuyaandika kwenye barua ya marehemu. Mtani azikwe na watani hawapo! Mkosi gani huu! Alipomaliza akajifunua, akafuta pua, akauliza arobaini ni lini. Nikamwambia. Akanyoosha kidole kwenye kona: "Nisogezee huyo mbuzi wako wa chuma."

Akasimama, Tausi. Alisimama kidogo tu, anatetemeka, ameng'ang'ania fremu, nami nimemshika kiunoni. Lakini alisimama.

Jumamosi Athumani akafika kutoka Hale, amevimba. Kikao tulichopanga kikawa changu peke yangu. Akaniuliza mbele ya nyumba nzima: "Dada, umekuja kumtibu mama au kumuua? Umempa habari ya msiba, sasa unataka kumpandisha gari aende arobaini?" Ulimi wangu ulikuwa tayari, nilikuwa nataka kumweleza kuhusu vidonda vya kulalia na mapafu yanavyojaa kwa mtu asiyeinuka. Nikaumeza. Nikajiuliza wewe ungeanzia wapi. Nikaomba maji ya kunywa, nikauliza mahindi ya mwaka huu yamekaaje, nikauliza safari ya Hale. Halafu nikamuuliza: "Zamani, mtu akifiwa hapa Mazingara, nani alikuwa anatoka nyumba hii?"

Akajibu haraka, kwa majivuno: "Mama. Hakuna msiba aliokosa. Wanawake waliofariki kata hii, nusu yao wameoshwa na yeye."

"Na sasa anatoka nani?"

Zaina akasema kwa sauti ndogo kwamba siku hizi huwa wanatuma salamu za pole. Na bibi, aliyekuwa amekaa kitini kama hakimu, akamaliza mwenyewe: "Athumani, mwanangu, mimi niliwazika watu kwa miguu. Salamu zinatumwa na mtu aliye mbali. Mimi niko mbali? Unanipenda, naona. Lakini umeniondoa kwa watu kabla Mungu hajaniondoa."

Athumani ana bega kama mlango, na lilikuwa linatikisika. Kisha akasema: "Gari nitatafuta mimi." Basi. Nikakwambia moyoni, Mnyamwezi, tumemaliza kikao.

Lakini Zaina bado alikuwa na majirani zake wa kuogopa. Hilo nalo nililitatua kwa akili yangu, usinidharau. Nilisema mazoezi yatoke chumbani yaje uani, na majirani waitwe. Waliokuja kuchungulia nikawapa kazi: huyu ashike kiti, yule asimame mwisho wa ua amwite bibi aende kwake. Zaina ndiye msimamizi, anatoa amri kwa sauti ya mwalimu mkuu: "Mguu mbele! Kichwa juu, mama!" Baada ya muda mfupi, mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba mke wa mtoto anamsimamisha mama mkwe, na ikawa sifa. Fundi seremala wa jirani akatengeneza kiti cha choo chenye tundu, bibi akaacha kushikwashikwa kwenda haja, na siku hiyo alifurahi kuliko siku aliyosimama. Athumani hakuacha kupiga simu zake za jioni. Ila sasa anauliza: "Mama umetembea?" Na akiambiwa leo hapana, anagomba.

Ikafika arobaini yako.

Gari la Athumani liliishia barabarani, kwa sababu mvua ilichimba ile njia ya nyumbani kwako. Akataka kumbeba mama yake. Bibi akampiga kofi mkononi mbele za watu. Akashusha mbuzi wake wa chuma, akaanza. Mimi nilikuwa upande wa kushoto, mguu mbovu, na Zaina nyuma ameshika mkanda uliofungwa kiunoni mwa bibi. Pale penye mchanga fremu ilikwama, tukasimama, akapumua, akaiinua mwenyewe. Wanawake waliokuwa kwenye mikeka wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja kumpisha. Mama yako alikuwa amekaa mlangoni, amekuja tangu Tabora, hajui huyu ni nani.

Wakaleta kiti. Bibi akakikataa. Akasimama wima katikati ya mikeka, akavuta pumzi, akaita kwa sauti ambayo sikujua kama anayo: "Wee Mnyamwezi! Ulinikataza kulala mchana, na wewe umelala moja kwa moja! Tangu lini mpagazi akatua mzigo katikati ya safari? Nimekuja kwako kwa miguu yangu, mbona hutoki kunipokea?"

Halafu mama yako akacheka. Tausi, alicheka kicheko chako kabisa, kile cha puani, na machozi yanamtoka, akainuka akamkumbatia bibi pamoja na fremu yake, wote wawili wakayumba nami nikawashika. Nyumba nzima ikacheka na kulia kwa pamoja. Siku ya mazishi watu walikuwa wananiangalia mimi, mtani wako wa karibu, nianze mchezo, nikashindwa hata kufungua kinywa. Bibi alinifungulia. Nikakutukana vya kutosha, waulize majirani zako.

Nimekukosa. Naandika hivyo bila utani. Kila Alhamisi nikiwasha pikipiki nahisi nyuma pepesi.

Lakini sikuandika ili tulie. Mganga mkuu amekubali kwamba akija afisa mpya wa ustawi, nyumba za wazee tutakwenda naye pamoja kama zamani, na mimi ndiye nitakayemfundisha kukaa kwenye mkeka. Mpaka aje, nitafanya ya mikono na ya maneno. Nayaweza. Nimegundua nayaweza. Bibi Mwantumu naye ameanza kuzilipa pole zake. Juzi alimwamuru Zaina ampeleke kwa mjane wa nyumba ya pili, wakakaa huko mpaka alasiri. Nakuahidi sitaiacha nyumba ya mzee yeyote mpaka nijue anataka miguu impeleke wapi.

Pumzika, mtani. Mungu akulaze pema. Sisi huku tumeshavaa viatu.

Mama Mazoezi wako